Sado, tenga na lumbesa: asubuhi ya gulio Tengeru

Tangu nirudi kutoka Uingereza, ndugu wamekuwa wakiniuliza ni kitu gani nilikikosa zaidi nikiwa ughaibuni, nami hujibu bila kusita kwamba ni Tengeru siku ya gulio. Soko hilo, lililo kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, hufurika Jumatano na Jumamosi, wakulima wa miteremko ya Mlima Meru wanaposhusha ndizi, maparachichi, karoti na mboga za majani.

Nilikotoka, chakula humfikia mnunuzi kikiwa kimeshapimwa, kimefungwa na kubandikwa bei, naye hana la kusema. Hapa kipimo ni fungu, au sado, yaani ndoo ndogo ya plastiki ya takribani lita nne. Mama mmoja aliyeuza maharage ya njano aliijaza sado hadi ukingoni, akaitikisa, akaongeza kwa viganja viwili mpaka punje zikaanza kuporomoka pembeni. Nilipomwomba aniongezee kidogo, alicheka: “Mwanangu, kilima chote hiki hukioni?” Hata hivyo akatupia kiganja kingine. Nyongeza hiyo anaitoa kwa hiari yake, mbele ya macho yangu, na kwa maoni yangu ni haki kuliko mizani nyingi.

Upande wa jumla hakuna kicheko. Huko karoti, viazi na vitunguu huuzwa kwa gunia, na mnunuzi humtaka mkulima alishindilie, kisha alisukie kamba juu ya mdomo wake ili libebe kichwa kingine kizima. Ndiyo lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza lakini ambayo nimeikuta ikipakiwa kwenye malori kama nilivyoiacha. Matenga ya nyanya nayo hujazwa kwa mtindo huo huo. Bei hupatanwa kwa gunia moja, ilhali kinachoondoka ni gunia na ziada yake, na ziada hiyo mkulima halipwi.

Mengine yamebadilika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nilianza kwa kununua kikapu. Wenye vibanda wamebandika namba za kulipia kwa simu, ingawa mama wa mchicha aliyetandaza chini bado anataka noti, tena ndogo. Mnafu, ambao utotoni tuliukimbia kwa uchungu wake, sasa umepangwa mbele. Pengine utafiti wa mboga za asili unaofanyika jirani umechangia. Ipo hata aina ya ngogwe iliyopewa jina la Tengeru White.

Shangazi yangu, anayelima karoti huko juu, nilimkuta akisubiri mnunuzi wake. Nilimwambia, “Shangazi, dai mzani.” Akanijibu kwamba akidai mzani peke yake, lori litasogea kwa jirani, na karoti iliyokwisha kung'olewa haisubiri gulio lijalo. Hoja yake ni nzito. Tulichokubaliana ni kwamba kabla ya mavuno yajayo atazungumza na majirani wanaouza pamoja naye, wakodi mzani mmoja, na mnunuzi atakayeleta habari za lumbesa asipate gunia kwa yeyote kati yao.