Siku ya Kumi na Tatu, Nje ya Nyumba

Katika sherehe zote za majira ya machipuko, inayonigusa zaidi ni Sizdah Bedar ya nchini Iran, kwa kuwa haihitaji jukwaa wala kiingilio. Mwaka mpya wao, Nairuzi, huanza Machi 20 au 21, usiku na mchana vinapokaribia kulingana. Ifikapo siku ya 13 familia hubeba mikeka, chai na chakula, zikaenda kushinda bustanini au kandokando ya mito. Chipukizi za ngano au dengu, zilizooteshwa kwenye sahani kwa ajili ya sikukuu, hutupwa katika maji yanayotiririka, na wasichana hufunga mafundo kwenye nyasi wakinuia ndoa njema. Wazee nao hutoka, jambo ambalo matamasha mengi ya mjini hayaliwezi.