Nilivyowawekea watumiaji wa seva mipaka ya diski

Seva ya Linux niliyokabidhiwa ilikuwa ya watu wengi, kila mmoja na akaunti yake, na kazi zao zote zikikaa chini ya /home. Mmoja akiacha programu imwage matokeo usiku kucha, kesho yake wenzake hawawezi kuhifadhi hata faili moja. Na kwa kuwa /home ilikuwa patisheni moja (sehemu moja ya diski) na mfumo wenyewe, hata logi, yaani kumbukumbu za mfumo, zilikosa pa kuandikwa. Kuwasihi watu wapunguze faili hakusaidii sana, maana anayejaza diski mara nyingi hana habari kwamba ndiye anayeijaza.

Kwanza niliihamishia /home kwenye patisheni yake ya ext4, mfumo wa faili wa Linux. Mfumo ukapona, lakini watumiaji bado waliweza kuumizana wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo kwota, yaani mpaka wa diski kwa kila mtumiaji, ilipohitajika. Niliongeza usrquota kwenye mstari wa /home ndani ya /etc/fstab (faili linaloorodhesha patisheni za kupachikwa, yaani kuunganishwa na mfumo), nikaipachika upya kwa mount -o remount /home, nikaendesha quotacheck -cum /home ili ihesabu kila mtu ameshika kiasi gani, kisha nikaiwasha kwa quotaon /home. (Kwenye XFS, mfumo mwingine wa faili, kwota huwashwa wakati wa kupachika, remount haitoshi.)

Mipaka yenyewe niliiweka hivi:

setquota -u jina 8388608 10485760 200000 250000 /home

Namba mbili za mwanzo ni kilobaiti: GB 8 mpaka laini, GB 10 mpaka mgumu. Akivuka ule laini anaendelea kuandika, ila saa inaanza kuhesabu. Kwa kawaida ana siku 7 za kujipunguza, zikiisha hawezi kuongeza kitu. Mpaka mgumu haumpi nafasi hata kidogo: anaambiwa papo hapo "Disk quota exceeded". Kwangu mimi hizo siku 7 ndizo zinazoifanya kwota ivumilike, kwa sababu mtu hakatwi katikati ya kazi.

Namba mbili za mwisho ni idadi ya faili, na wengi huziacha sifuri, yaani bila mpaka. Msiziache. Mtumiaji mwenye faili ndogondogo zisizohesabika anaweza kumaliza inodi zote (kila faili hutumia moja, na idadi yake ina kikomo) huku df -h ikionyesha nafasi tele. Ni df -i itakayokuambia ukweli.

Kuna mlango mwingine: /tmp na /var/tmp. Kila mtu anaruhusiwa kuandika humo, na kwota ya /home haifiki huko, kwani kila mfumo wa faili una kwota yake. /tmp niliifanya tmpfs (inayokaa kwenye kumbukumbu ya RAM) yenye size=2G, na patisheni yenye /var/tmp nikaiwashia kwota pia.

Akaunti mpya naipa mipaka ileile kwa edquota -p, nikinakili kutoka kwa mtumiaji wa mfano. Kila asubuhi cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, inanitumia matokeo ya repquota -s /home, yaani ripoti ya matumizi ya kila mtu. Nikiona +- baada ya jina, huyo amevuka mpaka laini wa nafasi. Nikiona -+, amevuka ule wa idadi ya faili. Namwandikia yeye peke yake, siku zake zikiwa bado zipo.