Namba ya Kwanza

Kijana mpya kwenye timu kaniuliza juzi: mbona maktaba yetu ya msimbo ya kusoma mizani ni toleo la 1, ilhali programu mbili inazozitegemea bado ziko kwenye 0? Nikamjibu kwa kifupi. Lakini swali lilinirudisha Mwanza, gatini, tukisubiri kivuko cha kwenda Kamanga.

Wakati ule wanunuzi wa dagaa mwaloni Kirumba walishaanza kupimia kwa programu yetu, na mimi nilishikilia tubaki kwenye 0. Kanuni za SemVer, utaratibu wa kupanga namba za matoleo ya programu, ziko wazi: chini ya 1, chochote chaweza kubadilika wakati wowote. Zile tegemezi, yaani programu mbili tulizozitegemea, zilibadilika kila mara. Sisi tungeahidi nini? Niliwaza hata kuhesabu kwa mwaka na mwezi kama wale wa mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, ambao 4.10 yao ni Oktoba 2004. Tarehe haimwahidi mtu kitu, na hilo lilinivutia.

Dada niliyekuwa naandika naye hakubishana. Alifungua kompyuta magotini, akaupa mgongo upepo wa ziwa, akaanza kuzisoma fanksheni, yaani amri tunazompa mtumiaji wa maktaba, moja moja kwa sauti. "Hii inampa mtu nini?" Uzito. "Na hii?" Uzito na saa. Akafika kwenye ile ya kuunganisha mzani, akanyamaza. Ilikuwa inamkabidhi mtumiaji objekti nzima, yaani kitu kizima cha ile programu tunayoitegemea, na jina lake na tabia zake zote.

"Kaka, hiki si chetu. Wakikibadilisha kule, wa Kirumba ndiye anayekwama. Tukifunike."

Honi ikalia, watu wakasimama na mizigo yao, yeye bado anaandika.

Mengine yalikwenda haraka. Tulikifunika, tukazifunga tegemezi zote mbili kwenye toleo moja moja, tukatoa 1.0.0. Tegemezi zilipobadilika tena, sisi tulipandisha namba ya mwisho tu. SemVer inaruhusu, maadamu uso wa nje, yaani zile fanksheni anazozitumia mtu, haujaguswa.

Nililobaki nalo ni lile la kufunga. Mtu mwenye programu nyingine inayotaka toleo tofauti la tegemezi ileile mara nyingi hawezi kuzitumia pamoja, na si haki kumfungia njia. Dada anataka tuache nafasi ya matoleo zaidi ya moja. Kwa kitu ambacho bado ni 0, mimi bado naogopa, na hoja hiyo hatujaimaliza.