Mawe Bapa ya Mill Hill

Mbio zile zilikuwa za kilomita 74, kutoka kijiji cha Edale hadi karibu na Hebden Bridge, kaskazini mwa Uingereza, katikati ya Januari. Tulimaliza, lakini sehemu kubwa ya njia imeshanitoka kichwani. Kipande kimoja hakijanitoka hata leo: kilomita nne hivi kutoka kilima cha Mill Hill hadi barabara ya Snake Pass, ambako nilichelewa kuvaa meno ya chuma, yale ya kufunga chini ya viatu usiteleze kwenye barafu.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa kaka mmoja wa Mbeya tuliyezoea kufanya naye mazoezi Sheffield. Umande ulioganda aliujua tangu utotoni, kwao Uporoto, mwezi wa sita na wa saba. Mimi nimekulia Tanga.

Kila mmoja alibeba begi la kilo sita hivi: mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, ramani, dira, filimbi, taa mbili za kichwa, koti zito la akiba. Betri za akiba tuliziweka mfuko wa ndani, zigusane na joto la mwili, kwa sababu betri ikipoa huisha kabla ya wakati wake. Chakula kilikuwa chapati zilizopakwa siagi ya karanga na kukunjwa. Chokoleti kwenye baridi ile inakuwa ngumu kama kigae, na mtu anayehema kwa nguvu hawezi kuitafuna. Chapati inabaki laini ukiikalisha karibu na kifua.

Edale ilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri. Tulipanda ngazi za mawe za Jacob's Ladder kwa kutembea, makusudi, tusitoke jasho. Jasho ndilo linalokuponza huko juu: ukisimama dakika tano tu, fulana iliyolowa inakunyonya joto lote. Kufika kilele cha Kinder Low, mita 633, mrija wangu wa maji ulikuwa umeziba. Nilijua dawa yake na sikuifanya: ukishakunywa, unapuliza maji yaliyobaki kwenye mrija yarudi kwenye mfuko wa maji ulio begini, usiache hata tone njiani. Mwenzangu yeye alibeba chupa na kuipindua kichwa chini. Maji huanza kugandia juu, kwa hiyo ukiigeuza chupa, mdomo unabaki wazi.

Kwenye maporomoko ya Kinder Downfall tulipita kwa mikono na miguu. Upepo wa magharibi ukivuma pale, huyarusha maji juu badala ya kuyaacha yaanguke, nayo hunyunyizia miamba ya ukingoni. Usiku yakaganda. Miamba yote ilikuwa na ngozi ya barafu, lakini nyeupe, yenye vinundu, unaiona na unaikwepa.

Ya Mill Hill haionekani.

Njia ile, Pennine Way, ilifunguliwa rasmi mwaka 1965, na miguu ya watu ikaikanyaga mboji, ule udongo mweusi laini wa kinamasi, hadi ikawa tope pana la kuzamisha mtu. Ndipo yakaletwa mawe bapa, mengi yake yakiwa ya sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa, yakapandishwa mlimani kwa helikopta na kutandazwa moja baada ya jingine kama mkeka mrefu. Baadhi bado yana matundu yalikofungiwa mashine. Ni kazi nzuri, imeiokoa ile nyika. Lakini mboji chini yake haitulii: jiwe huzama upande mmoja, maji ya kinamasi hupita juu yake polepole, na baridi ikiingia hugandia hapo hapo, membamba, yanayong'aa kama kioo. Rangi unayoiona ni ya jiwe lenyewe. Unadhani limelowa tu.

"Dada, tuvae meno hapa hapa," akaniambia pale juu, tukiwa tumejikinga upepo nyuma ya tuta.

"Tuvuke kwanza hiki kipande, kaka. Naona mawe ni makavu."

Mawe kumi ya mwanzo yalikuwa makavu kweli. Nikaongeza mwendo. La kumi na ngapi sijui, mguu wa kushoto uliondoka, nikaangukia nyonga, na mkono wa kulia ukatumbukia kwenye dimbwi la pembeni. Nikataka kupita kando, kwenye theluji. Nako ni mtego. Mboji iliyo wazi huganda ikawa ngumu, lakini iliyofunikwa na theluji haigandi vizuri, kwa kuwa theluji inaizuia baridi kama blanketi. Hatua ya pili nilizama hadi pajani.

Basi nikakaa kwenye jiwe nivae. Meno yale ni mpira unaovutwa juu ya kiatu, na chini yake minyororo yenye vyuma vyenye ncha, virefu kama sentimita moja. Unaingiza ncha ya kiatu kwanza, halafu unavuta mpira wa nyuma upande kisigino. Nyumbani kazi hii inakuchukua sekunde ishirini. Lakini mpira ukipoa hukakamaa, na vidole vyangu vya mkono uliolowa vilikuwa havishiki kitu. Nilikuwa nauona mpira mkononi bila kuuhisi. Nilivuta mara nne, ukaponyoka mara nne. Nikaanza kutetemeka.

Mwenzangu hakusema neno. Alipiga goti, akaninyang'anya, akanivalisha mguu mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayepelekwa shule. Alinivua glavu iliyolowa, akanipa zake za akiba, zile zisizotenga vidole, maana vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Akanifungulia chupa ya chai. Tangawizi, sukari nyingi. Tulipoteza dakika kama kumi na mbili, na baridi niliyoipata kwa kukaa pale haikunitoka hadi tulipokuwa tukipanda mlima wa Bleaklow.

Kwa meno, mawe yale yale yakawa njia ya kawaida. Kinachotakiwa ni kukanyaga unyayo mzima, hatua fupi, bila kusukuma kwa vidole. Kwenye jiwe lisilo na barafu chuma kinakwaruza na kifundo kinaumia, lakini usivue. Mbele kidogo lipo jingine.

Tulivuka Snake Pass, tukafuata dira hadi rundo la mawe la Bleaklow, tukashuka bonde la Torside. Kando ya bwawa njia ilikuwa changarawe tupu, nikayavua na kuanza kufungua begi.

"Usiyaweke huko, dada," akasema. "Mfuko wa kifuani. Black Hill nako kuna mawe bapa."

Nikayaweka kifuani, ndani ya koti, mpira ubaki na joto.