Jinsi Nilivyokifufua Cherehani cha Bibi

Bibi yangu alipofariki, watu wa nyumbani Tanga waligawana vitu vyake bila ugomvi, kwa kuwa havikuwa vingi: kitanda, masufuria, na masanduku mawili ya kanga. Cherehani hakikutakiwa na mtu. Kwa miaka mingi kilikuwa kimegeuzwa meza ya kuwekea televisheni, na gurudumu lake halikuzunguka hata ulipolishika kwa mikono miwili. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, kama utaweza kukibeba, kibebe. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakiulizia mara mbili." Nikakifunga kwa magunia, nikakipakia kwenye basi la kuja Dar es Salaam, nikalipia mzigo fedha iliyokaribia kulingana na nauli yangu mwenyewe.

Sikujua kushona. Kazi yangu ni ya hesabu, na kitu pekee nilichowahi kushona ni kifungo cha shati. Hata hivyo niliukumbuka mlio wa kile cherehani, kwa maana ndio uliotulaza usingizi tulipokuwa watoto. Bibi hakuwa fundi wa magauni. Kazi yake ilikuwa kupinda kanga. Doti ya kanga huuzwa ikiwa kitambaa kimoja chenye vipande viwili vilivyoungana, na mwenye kuinunua hana budi kuikata katikati, kisha kupinda ncha zilizokatwa zisifumuke nyuzi. Majirani walimletea bibi doti zao, na ilipokaribia Idi au harusi ya mtaani, zilirundikana kitandani mpaka tukakosa pa kulala. Nikajiwekea shabaha ndogo: siku moja nipinde doti moja ya kanga kwa cherehani kilekile.

Nilianza kwa kutafuta nambari yake. Iko kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa upande wa kulia, karibu na gurudumu, na ilinibidi kuisugua kwa kitambaa chenye sabuni ndipo herufi mbili za mwanzo zikasomeka: E na K. Wapo watu duniani ambao starehe yao ni kukusanya vyerehani vikuukuu, nao wameziweka kwenye intaneti orodha ndefu za nambari za Singer, kampuni iliyokitengeneza chetu, ambazo tangu mwaka 1900 zilianza kutanguliwa na herufi. Kwa orodha hizo nilijua kwamba cherehani chetu ni cha aina ya 15K, na kwamba kilitengenezwa Uskoti katikati ya miaka ya 1950, katika kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank. Hiyo K ya 15K ndiyo Kilbowie. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha treni kilichokuwa kikipokea wafanyakazi wake kingali kinaitwa Singer hadi leo, jambo lililonifurahisha kuliko linavyostahili.

Usiku huohuo nilipata kitabu cha maelekezo cha aina hiyo, kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu ambaye, kwa alama iliyobaki kwenye jalada, alizoea kukiwekea kikombe juu yake. Ndani mlikuwa na mchoro wenye mishale inayoonyesha kila tundu la kutilia mafuta. Niliuchapisha, nikaubandika ukutani, na kesho yake jioni nikaanza.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa mafuta yenyewe. Mtu fulani, na katika nyumba yetu sitamtaja, aliwahi kukitia mafuta ya kupikia, nayo kwa miaka yakakauka yakawa kama gundi ya rangi ya asali. Nilikihamishia barazani, mbali na jiko, nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano yake, nikadondosha mafuta ya taa katika kila tundu la ule mchoro. Siku ya kwanza hapakuwa na dalili yoyote. Siku ya pili vilevile. Jioni ya tatu gurudumu lilisogea upana wa kidole, nikajizuia nisilivute kwa nguvu. Nililipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, nikaongeza matone, nikaliacha. Siku ya tano lilizunguka duara zima huku likitoa uchafu mweusi chini ya sindano. Hapo ndipo nilipoyafuta mafuta ya taa, ambayo huyeyusha lakini hayalainishi, na kutia mafuta halisi ya cherehani, yale meupe kama maji yanayouzwa katika vichupa vidogo.

Furaha hiyo ilinitia pupa. Nikitaka king'ae, nilichukua spiriti nikafuta maandishi ya dhahabu ya juu. Nilipoinua kitambaa, nusu ya herufi R ilikuwa imehamia kwenye kitambaa. Spiriti huyeyusha vanishi iliyopakwa juu ya maandishi yale, na jambo hili limeandikwa mahali pengi ambapo ningeweza kulisoma dakika tano kabla.

Kosa la pili lilikuwa la kufungua bila kutazama. Katikati ya gurudumu ipo nati kubwa ya mviringo, ile inayolegezwa mtu anapojaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ili sindano isicheze. Niliifungua nisafishe ndani, na chini yake ikaanguka washa, yaani pete nyembamba ya chuma, yenye masikio matatu pembeni. Nikairudisha kama ilivyonijia. Tangu hapo nikikanyaga pedali gurudumu lilizunguka vizuri, lakini sindano ilisimama tu, hata nikikaza nati kwa nguvu zangu zote. Nilihangaika nayo siku mbili, nikafungua hata vitu visivyohusika, mpaka nilipokuta sentensi moja ya mkusanyaji mmoja: nati isipokaza, itoe, izungushe washa nusu duara, uirudishe. Kazi ya dakika moja. Baada ya hapo sikuondoa skrubu yoyote kabla ya kuipiga picha kwa simu.

Kisha ukaja mshono, au tuseme ukakataa kuja. Upande wa juu wa kitambaa ulionekana wa haki, ila nilipogeuza nilikuta nyuzi zimejisokota kama kiota cha ndege. Kwa kuwa fujo ilikuwa chini, niliilaumu bobini. Nikaisafisha, nikakaza skrubu ndogo ya kikasha chake, nikailegeza, nikanunua bobini nyingine Kariakoo. Kiota kiliendelea.

Katika mtaa wetu yupo fundi mzee ambaye hushonea barazani kwake, na kwa aibu ya kutojua kitu nilikuwa nampita kila siku bila kumwuliza. Nilikwenda na kile kitambaa peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione." Hakukitazama hata kwa sekunde kumi. "Ulipotunga uzi, mguu ulikuwa juu au chini?"

"Chini, mzee."

"Basi uzi wako haujabanwa na kitu. Umepita juu juu."

Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vinavyoubana ili uwe na mkazo. Mguu unaokandamiza kitambaa ukiwa chini, visahani hivyo hufungana, na uzi hukaa pembeni yake badala ya kuingia katikati. Ukiinua mguu, vinaachana na uzi unazama mahali pake. Uzi wa juu usio na mkazo huvutwa wote chini ya kitambaa, na mshonaji hulaumu bobini isiyo na hatia. Nilirudi nyumbani, nikainua mguu, nikatunga upya, na kiota kikatoweka. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na mchoro mzuri wa njia ya uzi. Habari ya mguu huenda ilikuwamo, lakini mimi nilitazama picha tu.

Baada ya swala ya Alasiri siku ya Ijumaa, mzee yule alikuja mwenyewe kukiona. Aliukata mkanda wa ngozi, uliokuwa umelegea, kwa kipande cha upana wa kidole kimoja, akaufunga tena kwa pini yake ya chuma. Akagundua pia kwamba nilikuwa nimeichomeka sindano kinyumenyume: ule mfereji mrefu ulio ubavuni mwake hauna budi kuelekea upande unaoingizia uzi. Fedha alikataa, kahawa alikunywa vikombe vitatu.

Aliniachia na zoezi. Kukanyaga pedali ni kugumu kuliko kunavyoonekana, kwa sababu gurudumu likirudi nyuma kidogo tu uzi unakatika, na miguu ya mgeni hulirudisha nyuma kila mara. Aliniagiza nitoe uzi wote, niweke sindano kuukuu, nishone karatasi za daftari nikifuata mistari yake. Kwa wiki nzima nilitoboa kurasa. Zile za mwanzo zilionekana kama zimeliwa na mchwa. Za mwisho zilikuwa na matundu yaliyopangana juu ya mstari, na miguu ilikuwa imeacha kufikiri.

Ndipo nikanunua doti. Niliikata katikati, nikakunja ncha mara mbili, nikaipiga pasi ili mkunjo usikimbie, nikashona ncha nne. Ya kwanza imepinda kama barabara ya Lushoto, na ya nne ungedhani imeshonwa na mtu mwingine. Nilimpelekea shangazi kwa basi. Jioni alinipigia simu, na baada ya kunishukuru alinyamaza kidogo, nikajua anaipitisha kanga vidoleni.

"Mishono yako mirefu," alisema. "Mama alikuwa akishona midogo zaidi. Hapo kulia, kwenye shingo ya cherehani, pana kitu cha kupandisha na kushusha. Kipandishe kidogo tu, usifike mwisho."

Nilimwuliza kama aliwahi kukitumia.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimmalizia zikizidi," alijibu. "Hukuniuliza."

Nilikipandisha kidogo. Doti ya pili nimeshaipinda, na shangazi amesema mwezi ujao atakuja Dar es Salaam na lile sanduku dogo la kanga, ambamo zimo nne ambazo bibi hakuwahi kuzikata.