Chubwi!

Leo asubuhi nimepata jibu la mswada wangu wa kitabu cha watoto. Wachapishaji wameukataa.

Barua pepe ya mistari minne tu, na mmoja ndo umenikaa kichwani mpaka sasa hivi: mafunzo ni mengi, mchezo hakuna.

Jamani niliumia. Mwaka mzima naiandika ile hadithi ya bata anayeogopa maji, kurasa 32, kila ukurasa nimehakikisha una cha kufundisha.

Sasa mchana mtoto wa dada yangu, ana miaka 5, akaniomba nimsomee, nikamsomea tu basi ili yaishe, nikafika pale bata anaanguka majini nikaona pamepoa, nikaongeza mwenyewe "pu!"

Akanikatisha palepale.

"Mamdogo, pu ni chini! Kwenye maji ni chubwi!"

Akapanda kwenye kochi kunionyesha, mashavu kayajaza hewa, macho kafumba, akaruka. Chuuubwi! Akanivuta mkono na mimi nikapanda, tumeruka sijui mara ngapi, kila mara anacheka kama ndo anaisikia mara ya kwanza.

Alipolala nikachukua peni nikafuta ukurasa mzima wa nasaha za mama bata. Nimebakiza neno moja tu, chubwi, herufi kubwaaa. Nilishasahau kabisa kwamba kuandika kuna raha hii.

Hebu niambieni, nyie mlipokuwa wadogo ni sauti gani kwenye hadithi mlikuwa mnaomba irudiwe? Nipeni zote, usiku huu naandika.