Jenereta la jirani na mto wa bibi

Aliyeniambia nibandike trei za mayai ukutani, Mungu amsamehe. Nilibandika ukuta mzima, chumba kikanuka banda la kuku, na kila umeme ukikatika jenereta la duka la jirani likanguruma vilevile. Mngurumo wake ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa karibu mita saba. Trei ya karatasi italifanya nini? Nasi tunakaa Malindi, vichochoro vya kupishana ubavu, mngurumo hauna pa kwenda ila kwa bibi yangu.

Nikaamua kuua sauti kwa sauti, spika itoe wimbi la kinyume lifute la jenereta, wazo ambalo mvumbuzi Paul Lueg alishalipatia hataza Marekani mwaka 1936. Maikrofoni mbili, spika kubwa ya mtumba, kikompyuta: laki mbili na ushei. Programu nikaiandikia kanuni ya hesabu iitwayo LMS, ile ya wahandisi Widrow na Hoff ya 1960, inayojirekebisha kidogo kidogo kwa kutazama kelele iliyobaki.

Usiku wa kwanza, wallahi! Sekunde tatu za utulivu, kisha spika ikaanza kulia kama ng'ombe, vikombe vikacheza kabatini, bibi kakamata tasbihi anasoma Ayatul Kursiyu. Ami akaamuru, "Geuza nyaya za spika!" Nikageuza. Hezi 50 ikatulia, sauti nyingine ya jenereta, ya hezi 100, ikalipuka.

Kumbe sauti ya spika ilichukua kama milisekunde nane kufika kwenye maikrofoni ya kitandani, karibu nusu ya mzunguko wa hezi 50. Programu ilidhani inashusha, kumbe inapandisha. Nikahamia FxLMS, LMS inayozingatia kuchelewa huko: kwanza spika icheze "shaaa" mpaka programu iijue njia ya sauti kutoka spika hadi kitandani, ndipo ishara ya rejea, yaani mngurumo unaonaswa na maikrofoni ya pili, ichujwe kwa nakala ya njia hiyo.

Bado maikrofoni ya rejea ilikuwa ikiisikia spika yenyewe. Hapa niacheni nijisifu: niliing'oa. Jenereta lile huzunguka mara 3000 kwa dakika, ndiyo maana umeme wake ni hezi 50. Mdundo wake basi umo ndani ya waya! Transfoma ndogo kwenye soketi ya jirani ikanipa rejea isiyosikia spika wala muadhini, nikaizidisha mara mbili nikapata na 100. Jirani alishuku naiba umeme. Kahawa na kashata, siku tatu, akalainika.

Mngurumo umeshuka desibeli 12 hivi, lakini kwenye mto wa kulalia tu: kwa hezi 100 eneo la utulivu halizidi upana wa sentimita thelathini na kitu. Maikrofoni nimeifunga kwenye nguzo ya samadari. Bibi akilala kichwa miguuni, huita, "We mjukuu! Limerudi hilo!"